Nyumba ya babu Pangani: ni ya kuombewa ulinzi wa Mambo ya Kale, au ni gofu tu tuliuze?

MwanaWaMto (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naleta jambo lililogawa ukoo wetu mapande mawili.

Tuna nyumba Pangani mjini, ya mawe, ghorofa moja, mlango wa nakshi. Nusu ya warithi wanataka iuzwe. Mnunuzi yupo, na hajifichi: anataka kiwanja, nyumba ataibomoa ajenge gesti. Tangu mambo ya daraja na lami yaanze, simu za madalali haziishi. Nusu nyingine wanataka tuandike Idara ya Mambo ya Kale itangazwe kuwa ni ya kihistoria, isiguswe. Mimi nipo katikati, na nimechoka na hoja za "nyumba nzuri hii, itunzeni". Nzuri kwa kipimo gani? Ndiyo maana nimekuja hapa, tuipime kwa vitu vinavyoonekana.

Hivi ndivyo ilivyo. Kuta za mbele na za kati ni matumbawe na chokaa, unene futi mbili kasoro. Upande wa jikoni uliporomoka zamani, ukajengwa kwa tofali za saruji. Vyumba vya chini ni virefu na vyembamba, vyote upana unacheza kwenye mita mbili na nusu. Paa la mbele ni vigae, nyuma mabati. Kigae kimoja kilichodondoka kina maandishi ya kizungu, neno "Commonwealth" na mwaka 1865. Kwenye kizingiti cha juu cha mlango kuna maandishi ya Kiarabu yaliyolika. Mwalimu wa madrasa alisoma mwaka 1306. Baraza la mbele limepigwa saruji na mjomba. Na kuna hadithi ambayo kila mzee mtaani anaisimulia, kwamba Abushiri, yule aliyeongoza watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, alilala humu.

Kisheria nimeambiwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863. Yaliyo baada ya hapo mpaka Waziri atangaze. Sasa sisi tuko wapi?

KiguuNaNjia

Mkuu mbona umejijibu? Kigae kinasema 1865. Ukirudi nyuma miaka ya kujenga, nyumba imeanza kabla ya 1863. Hiyo tayari inalindwa, mwambie dalali akatafute kiwanja Muheza.

Kongwe_wa_Majalada

Taratibu hapo. 1865 si mwaka wa kigae, wala si mwaka wa nyumba. Ni mwaka ambao wamisionari wa Basel walianzisha kiwanda chao cha vigae kule Mangalore, India. Waliugandamiza kwenye vigae kama alama ya biashara, ukaendelea kuonekana miaka na miaka. Na neno "Commonwealth" ndilo linalokuumbua zaidi: Commonwealth Trust ni kampuni ya Kiingereza iliyopewa viwanda hivyo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani na Waswisi walipong'olewa. Kwa hiyo kigae chako ni cha enzi ya Mwingereza. Kinakuambia paa liliezekwa lini, au lilirekebishwa lini. Kuta hakizisemei kitu.

Tuje kwenye mlango, maana huko ndiko kwenye utamu. 1306 ya Hijria ilianza Septemba 1888 ikaisha Agosti 1889. Fikiria Pangani ilikuwaje miezi hiyo. Kampuni ya Wajerumani imekuja kupandisha bendera yake, watu wameinuka, Abushiri yuko mbele, na Julai 1889 majeshi ya Wissmann, kamanda wa Wajerumani, yanaingia mjini. Desemba 15 mwaka huohuo Abushiri akanyongwa hapohapo Pangani. Simaanishi kwamba hakuna fundi aliyechonga mlango katika vurugu hiyo. Ila ningekuwa mimi, ningeuliza mara mbili.

Na swali la kwanza ni hili: una hakika ni 1306? Katika tarakimu za Kiarabu sifuri ni nukta, na tano ni kiduara. Mbao ikilika na kupakwa rangi mara kadhaa, kiduara hujaa kikawa nukta. 1306 ikiwa kwa kweli ni 1356, basi umetoka kwa Abushiri umeangukia 1937. Rudi usiku na tochi, imulike kutoka ubavuni, si usoni. Nakshi itatupa kivuli na utaona kama katikati kuna shimo.

Halafu mlango hutembea. Pwani hii milango imeuzwa, imerithiwa, imehamishwa toka nyumba iliyoanguka kwenda inayosimama. Angalia miimo imekaaje ukutani. Kama mlango ulikuja na nyumba, mawe ya pembeni yamepangwa kuupokea. Kama uliletwa, utakuta viraka vya plasta, vipande vya mawe vilivyosindikwa, au uwazi mkubwa kuliko fremu.

FundiChokaa

Mi nitasema ya mikono. Huo upana wa mita mbili na nusu usiupuuze. Ni boriti inaongea. Mti wa mikoko ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba sakafu ya mawe na chokaa haukupi zaidi ya hapo sana, ndiyo maana nyumba za zamani za pwani nzima, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, vyumba ni kama korido. Akija mtu na mbao za kupasuliwa au chuma cha reli, vyumba vinapanuka. Kwa hiyo vyumba vyako vya chini vina ukongwe kuliko hilo paa, na pengine kuliko mlango wenyewe.

Panda juu uangalie ncha za boriti ukutani. Zikiwa zimepakwa rangi nyeusi au nyekundu na zimepangwa karibukaribu, hiyo ni kazi ya watu waliokuwa nazo. Zikiwa zimeliwa ndani ya ukuta, gonga na mpini wa nyundo usikie. Sauti ya debe tupu, usilaze mtu chini yake.

Na mjomba wako kaleta balaa bila kujua. Ukuta wa matumbawe unavuta maji toka ardhini na kuyatoa kwa hewa. Chokaa inayaruhusu yatoke. Ukipiga saruji umeuziba mdomo. Maji yanapanda juu zaidi, chumvi inabaki, plasta inavimba, jiwe linakuwa unga. Chukua msumari ukwaruze: chokaa inatoa vumbi jeupe, saruji inakwaruzika kwa shida na ni ya kijivu. Zungukia nyumba nzima na chaki, weka alama pale palipo saruji. Ukimaliza utajua ni kiasi gani cha nyumba bado ni nyumba ile.

Bi_Shangani

Salamu kutoka Unguja. Nawasoma nacheka kidogo, maana mnaongea kana kwamba kutangazwa ndiyo kupona.

Sisi Mji Mkongwe tuna mamlaka yake tangu 1985, tuna sheria yetu tangu 1994, tuna daraja za majengo, na tangu 2000 tumo Urithi wa Dunia. Huku huwezi kubadilisha dirisha bila kibali. Na Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883, jengo ambalo kila mgeni hupigia picha, sehemu yake iliporomoka Disemba 25, 2020 mchana kweupe, wakati wa matengenezo, na watu wakafa. Halikukosa hadhi lile.

Mwanangu, kabla ya barua yoyote ziba paa. Nyumba ya chokaa haifi kwa uzee, inakufa kwa mfereji wa maji ulioziba. Wapo wanaoomba hadhi kisha wanakaa kusubiri serikali ije na mafundi. Haji mtu.

Mkweli_Mchungu

Mnapamba. Pangani ilijengwa kwa meno ya tembo, miwa na watumwa. Hiyo nyumba ya mawe unadhani nani alibeba mawe? Wenye nyumba za udongo na makuti nyumba zao zimeyeyuka na mvua, leo tunatafuta sheria ya kulinda za mabwana. Bomoa, jengeni gesti, wajukuu wasome.

Kongwe_wa_Majalada

Hoja yako ina uzito na sitaipita pembeni. Lakini tazama Magomeni. Nyumba ya Mwalimu Nyerere pale ni ya kawaida kabisa, ya mtu wa mjini wa miaka ya 1950. Haina nakshi, haina roshani. Leo ni makumbusho kwa sababu ya aliyeishi humo na kilichokuwa kikipangwa wakati ule. Kwa hiyo hakuna aliyesema urithi ni mawe na mlango. Tatizo ni kwamba tumezoea kupima kwa macho, na macho yanapenda nakshi.

Kuhusu watumwa: ukibomoa nyumba ya bwana hujamlipa mtumwa chochote, umemfutia na ushahidi. Ila nikubaliane nawe kwa jambo moja linaloniudhi sana. Pwani hii kila stoo yenye giza siku hizi inaitwa chumba cha watumwa, kwa sababu mtalii analipia. MwanaWaMto, chini ya ngazi yenu kukiwa na chumba kisicho na dirisha, kiandike kama kilivyo: chumba kisicho na dirisha. Ukipata hati, au masimulizi ya familia zaidi ya moja zisizohusiana, basi ongeza.

Hivyohivyo na Abushiri. Mtu yule alikuwa na shamba lake la miwa karibu na mji na watu wake. Kulala mjini nyumba ya rafiki inawezekana kabisa, na nyumba ngapi Pangani zinadai hivyo hivyo? Liweke dai hilo kwenye ukurasa wa masimulizi, na jina la aliyesimulia na alilisikia kwa nani. Usilitangulize. Afisa akikuta dai la kwanza halina miguu, atayasoma mengine kwa jicho hilohilo.

KiguuNaNjia

Hati zenyewe zinapatikana wapi? Maana za kwetu zililiwa na mchwa.

Kongwe_wa_Majalada

Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar. Majalada ya Mjerumani yapo pale, na tangu 1997 yamo kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu za Dunia. Tatizo ni mwandiko na lugha, utahitaji mtu anayesoma Kijerumani cha mkono. Za Kiarabu na za enzi ya masultani jaribu Nyaraka za Zanzibar, Kilimani. Picha za zamani, Chuo Kikuu cha Frankfurt kina hazina ya picha za makoloni ya Kijerumani na imewekwa mtandaoni. Andika "Pangani" tu uanze kulinganisha mapaa. Picha moja ya mtaa wenu yenye tarehe inashinda hadithi kumi.

Mvita_Kwetu

Jirani zenu wa Mombasa tunasikiliza. Huku sheria ni ile ya 2006 ya Makumbusho na Turathi. Uzuri wake haina mwaka wa kukata: jengo la umri wowote Waziri anaweza kulitangaza, likatoka kwenye Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi ana miezi miwili ya kulileta. Ukiangalia hiyo 1863 yenu, Dar es Salaam yote imeanguka nje, maana Sultan Majid ndio kwanza alikuwa akiuanza mji.

La pili. Musiombe nyumba moja, ombeni mtaa. Mji wa Kale huku ulitangazwa kama eneo. Nyumba pekee iliyozungukwa na magesti ya vioo ni kama jino moja kinywani, haitafuni.

Kongwe_wa_Majalada

Hapo ndipo marekebisho ya 1979 ya sheria yetu yalipokusudia, maeneo ya hifadhi. Kwa hiyo, mwanzisha uzi, kabla ya kuandika chochote nenda halmashauri kwa Afisa Utamaduni, mwombe mipaka ya eneo lolote la hifadhi lililotangazwa Pangani mjini, kwa ramani, si kwa maneno. Ukikuta mtaa wenu umo, mnunuzi wenu hawezi kubomoa kienyeji hata mkimuuzia, na bei aliyowapa itabadilika siku atakapoambiwa.

Mbongo_NYC

Huku niliko, New York, sheria ya jiji ya kulinda majengo ilipita 1965, watu wakiwa bado na hasira ya stesheni ya treni ya Pennsylvania iliyoanza kubomolewa 1963. Jengo likifika miaka 30 linaweza kujadiliwa. Watu wengi hawajui kwamba orodha ya taifa zima, pamoja na heshima yake, haimzuii mwenye nyumba kubomoa kwa hela yake. Orodha ya jiji ndiyo yenye meno.

Kipimo cha hiyo orodha ya taifa kina pande mbili. Kwanza umuhimu: tukio, mtu, ufundi, au kitu ambacho ardhi yake inaweza kufundisha. Pili, je, kilichobaki bado kinaweza kuusema umuhimu huo? Wanaangalia mahali, umbo, mazingira, vifaa, kazi ya mkono, hisia na uhusiano. Nyumba inaweza kuwa na historia kubwa ikaangushwa upande wa pili kwa sababu imebadilishwa mpaka aliyeijenga angepita asiitambue. Nadhani jikoni la tofali na baraza la saruji ndiyo maswali yenu makubwa.

FundiChokaa

Baraza linabanduliwa. Saruji juu ya matumbawe haishiki vizuri, ukiwa na subira na tindo ndogo inatoka. Jikoni liacheni, andikeni tu kwamba lilijengwa upya. Sijaona nyumba kongwe pwani hii ambayo haijajengwa upya kipande.

Sheria_Mkononi

Mnaruka ngazi. Nyumba ni ya nani? Kama msimamizi wa mirathi hajateuliwa na mahakama, hakuna anayeweza kuuza wala kuomba. Barua ya nusu ya ukoo ni barua ya mgogoro, afisa ataiweka chini ya faili. Na wale wanaotaka kuuza wana haki ya kujua kabla: nyumba ikitangazwa bado ni mali yenu, mnaweza kuishi na kurithishana, ila kubomoa na kubadili kunahitaji idhini. Msitegemee kulipwa fidia ya gesti ambayo haikujengwa. Wapigieni hesabu waziwazi, vinginevyo mlango utauzwa usiku mmoja na hamtamjua aliyeuza.

MwanaWaMto

Wakuu, nashukuru sana, uzi umekwenda mbali kuliko nilivyotegemea. Mrejesho.

Tochi ya ubavuni imefanya kazi. Tarakimu ya tatu ina shimo katikati, limejaa rangi ya kijani. Mwalimu wa madrasa ameiona picha na yeye sasa anasoma 1356. Kwa hiyo mlango ni wa 1937 au mwanzo wa 1938, unakwenda na vigae. Upande wa kuuza walishangilia, wakaona yameisha.

Hayajaisha. Juu ya fremu, nyuma ya plasta iliyobanduka, kuna upinde wa mawe mrefu kuliko mlango, na uwazi wake umejazwa vipande vya matumbawe na udongo. Kulikuwa na mlango mwingine kabla. Boriti za chini zina rangi nyekundu kwenye ncha, na saba kati ya zote zinasikika tupu. Chaki imezunguka nyumba: saruji ipo barazani, jikoni, na ukuta mmoja wa mvua. Kwingine chokaa. Kwa hiyo ninachoweza kuandika bila kuona haya ni kuta na vyumba vya chini vya kale zaidi, mwaka haujulikani. Paa na mlango vya enzi ya Mwingereza. Abushiri kwenye masimulizi.

Halmashauri wameahidi ramani. Shangazi yetu mkubwa amekubali kupendekezwa msimamizi wa mirathi, na sharti lake ni moja: kila mtu aambiwe bei ya mnunuzi na gharama ya matengenezo kwenye karatasi moja, kikao kimoja. Paa linazibwa wiki hii, hilo halina upande. FundiChokaa, boriti saba napata wapi?

FundiChokaa

Usinunue za magendo mtoni. Mikoko ni hifadhi, kukata ni kwa kibali, nenda TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) wilayani waulize nani ana leseni. Pima kwanza urefu na zidisha shibiri moja kila upande ya kuingia ukutani. Chagua iliyonyooka, ikae kivulini mpaka iache maji, usiifunge mbichi. Na zile saba usizing'oe zote siku moja: tegemeza kwa nguzo, toa moja, weka moja. Tuma picha ya dari nione mpangilio.

Mkweli_Mchungu

Na kile chumba chini ya ngazi, kipo?

MwanaWaMto

Kipo. Hakina dirisha. Nimeandika hivyohivyo.